Mizani ya Shaka

Mwalimu alichora ngazi ubaoni, ngazi ya vipandio vinne. Kwenye kipandio cha chini kabisa aliandika jina la ile hisia imjiayo askari pasi na sababu: moyo umemtuma tu, basi. Hisia hiyo, alisema, haimpi askari idhini ya jambo lolote. Cha pili kilikuwa shaka yenye msingi, ambayo yatosha kumsimamisha mtu njiani na kumwuliza maswali. Cha tatu kilikuwa dhana yenye nguvu, itokanayo na mambo yaliyoonekana au kusikika, nayo yatosha kumkamata mtu, au kumwomba hakimu hati ya kuipekua nyumba yake. Na juu kabisa, pale ambapo mkono wa mwalimu ulifika kwa taabu, palikuwa na ule uhakika usiobakisha shaka ya maana. Bila ya huo, hapana awezaye kutiwa hatiani kwa kosa la jinai.

Darasani mlikuwa na watu wapatao ishirini, wengi wao vijana waliotaka kuwa askari polisi. Nyuma, karibu na dirisha, alikaa mama wa makamo, mzaliwa wa Unguja, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini bila ya kupata hata nafasi ya kubadili viatu. Wenziwe walinakili yaliyokuwa ubaoni kwa Kiingereza. Yeye aliandika maneno manne tu katika daftari lake: wasiwasi, shaka, dhana, yakini. Kisha akaiweka kalamu chini, kwani ngazi ile alikuwa akiijua. Aliisoma utotoni, akiwa na miaka tisa, katika chuo cha Kurani, katika mas'ala ya udhu.

Mtu akitia udhu, kisha ukamjia wasiwasi kwamba umetenguka, udhu wake u pale pale, kwani yakini haiondoshwi na shaka. Mwalimu wa chuo aliwaimbisha watoto kanuni hiyo mpaka wakaisema usingizini. Miaka zaidi ya thelathini ikapita, bahari mbili zikavukwa, ndipo mama huyu akaikuta kanuni ile ile katika jimbo la Ohio, nchini Marekani, imevaa nguo nyengine. Mshtakiwa huingia mahakamani na udhu wake. Anayedai kwamba umetenguka ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Usiku huo, ndani ya basi, aligeuza ukurasa akatunga ubeti ili asiisahau ngazi ile:

Wasiwasi si sababu,
Shaka huomba jawabu,
Dhana hukutia tabu,
Yakini ndiyo hukumu.

Ubeti huo hakuupeleka popote. Lakini mizani zake zimetimia, nane kila mshororo, na somo zima la jioni ile limo ndani yake. Si ajabu kwamba Kiswahili kina neno moja, mizani, kwa kipimo cha mshairi na kwa kipimo cha hakimu.

Alikokuwa akisoma ni katika chuo cha jamii. Vyuo vya namna hii ni miongoni mwa mambo ambayo mgeni wa Marekani huchelewa kuyajua, kwani sifa zote huzikuta zimekwishachukuliwa na vyuo vikuu vyenye majina. Cha zamani zaidi katika vile vya umma ambavyo hadi leo vingali hai kilifunguliwa Joliet, jimboni Illinois, mwaka 1901; na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vienezwe nchi nzima. Milango yake iko wazi. Mwenye cheti cha sekondari, au kinacholingana nacho, huingia bila ya kuulizwa baba yake ni nani wala alikuwa wapi miaka ishirini iliyopita. Masomo ni ya miaka miwili kwa asomaye mchana kutwa. Kwa asomaye jioni baada ya kazi huweza kufika minne au mitano.

Somo la haki jinai nalo lina historia yake humo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, askari wa Marekani alipewa rungu na beji, akaambiwa aende akalinde. August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, California, ndiye aliyeanza kushikilia kwamba askari apaswa kusoma, akawafungulia watu wake skuli mwaka 1908. Karibu miaka sitini baadaye, mwaka 1967, tume ya Rais Lyndon Johnson ilitoa ripoti ndefu juu ya uhalifu, nayo ikataka askari wapate elimu ya juu. Mwaka 1968 ikatungwa sheria iliyofungua mfuko wa mikopo na ruzuku kwa askari wanaosoma. Ndipo vyuo vya jamii, vilivyokuwa karibu na watu na wepesi wa kuanzisha masomo mapya, vikalipokea somo hili kwa mikono miwili.

Mama huyu hakuingia kwa mapenzi ya sheria. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisafisha hospitali usiku, na magoti yalikuwa yameanza kumwambia ukweli. Alisikia kwamba ofisi za mahakama huajiri makarani wenye shahada ya miaka miwili, wakakaa kitini, wakarudi nyumbani jua halijazama. Akajiandikisha. Binti yake, aliyezaliwa huko huko, alimwuliza kwa mzaha: "Mama, utavaa bunduki?" Akamjibu kwamba atavaa miwani.

Jina lenyewe la somo lilimshughulisha. Tanzania istilahi iliyozoeleka ni haki jinai, nayo ilisikika sana mwaka 2023, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipounda tume ya kutazama namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ni maneno mawili ya asili ya Kiarabu yaliyowekwa ubavu kwa ubavu. La kwanza ni pana kama bahari. Kiingereza kina neno moja kwa haki anayoistahili mtu, na jengine kwa haki inayotendwa na mahakama. Kiswahili kimezibeba zote mbili katika chombo kimoja, kisha kikapakia na ukweli juu yake. La pili limetoka katika mzizi ambao kwa Kiarabu una maana ya kuchuma tunda. Kwa hiyo mhalifu ni mchumaji. Waswahili waliifikia picha hiyo hiyo kwa njia yao wenyewe waliposema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Na hukumu je? Ndugu yake wa tumbo moja ni hekima, kwani mzizi wao ni mmoja, ingawa ndugu hawa hawaonekani pamoja kila siku.

Katika muhula wa pili yalikuja mashauri yenyewe, yale ambayo kila mwanafunzi wa somo hili hana budi kuyajua. Alishangaa kuona kwamba mawili katika makubwa yake yalitokea jimboni humo humo, katika mji wa Cleveland. La kwanza ni la mwanamke mweusi, Dollree Mapp. Mwezi Mei 1957 polisi walimbishia hodi wakimtafuta mtu aliyetakiwa kwa ajili ya mlipuko wa bomu. Akawakatalia kuingia bila ya hati. Baada ya saa kadhaa walirudi wakiwa wengi zaidi, wakaingia kwa nguvu, mmoja wao akampungia karatasi aliyodai kuwa ndiyo hati. Bi Mapp aliipokonya akaitia kifuani. Wakapambana naye mpaka wakaitoa. Karatasi hiyo haikuletwa mahakamani hata siku moja. Bibi akahukumiwa, si kwa bomu, bali kwa vitabu na picha zilizosemwa kuwa za aibu ambazo zilikutwa katika upekuzi. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo, ikatamka kwamba ushahidi uliopatikana kwa upekuzi usio halali hauna nafasi katika mahakama za majimbo. Mama wa Kiunguja alicheka peke yake maktabani. Hapo kifuani ndipo bibi zake walipokuwa wakificha fedha za sokoni.

Shauri la pili halikumchekesha. Tarehe 31 Oktoba 1963, mpelelezi mkongwe aliwaona wanaume wawili wakipita na kurudi mbele ya duka, kila mara wakichungulia dirishani. Akawashuku kwamba wanapanga kuiba. Akawasimamisha, akawapapasa nguo, akakuta bastola. Mwaka 1968 majaji wanane kati ya tisa walisema kwamba shaka ya namna ile, yenye mambo ya kuonyesha na si moyo kumtuma mtu tu, yatosha kumsimamisha mtu, na kumpapasa nguo za juu ikiwa askari ana sababu ya kuogopa silaha. Jaji mmoja, William Douglas, alikataa. Darasa liligawanyika kama majaji walivyogawanyika. Mlinzi wa gereza aliyekaa mbele alisema kwamba bila ya ruhusa hiyo askari wangekufa wengi. Kijana mweusi aliyekaa kando yake alisema kwamba yeye amekwisha kupapaswa mara tatu, na hata mara moja hajakutwa na kitu. Mwalimu, ambaye naye alikuwa askari mstaafu, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba wote wawili wameisoma hukumu vizuri.

Yakafuata mengine. Clarence Gideon, mtu maskini wa Florida, alishtakiwa mwaka 1961 kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Akaomba wakili, akanyimwa. Akafungwa, na kutoka gerezani akaiandikia Mahakama ya Juu ombi lake kwa kalamu ya risasi. Mwaka 1963 ikaamuliwa kwamba mtuhumiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili, na Gideon aliposhtakiwa upya, safari hii akiwa na wakili, akaachiwa. Mwaka 1970 likaja shauri la mtoto wa miaka 12 wa New York, aliyedaiwa kuiba dola 112 katika mkoba wa mwanamke. Kwa ajili ya mtoto huyo Mahakama ilisema waziwazi kwamba kile kipandio cha juu kabisa cha ngazi ni haki ya kikatiba, tena ni haki ya mtoto pia.

Basi mwanafunzi huyu akaanza kuamini kwamba ngazi ni madhubuti, na kwamba apandaye juu yake hapandi ila kwa ushahidi. Hapo ndipo mwalimu alipowapa takwimu iliyoandikwa na Mahakama ya Juu yenyewe mwaka 2012: katika hukumu za hatia zinazotolewa na mahakama za shirikisho, 97 kwa kila 100 hutokana na washtakiwa kukiri wenyewe, katika mahakama za majimbo ni 94. Maana yake ni kwamba walio wengi hawaifikii ngazi. Upande wa mashtaka huwapa masharti, nao hutamka neno moja, mambo yakaisha. Lile jengo zuri la shaka na yakini lina mlango wa nyuma, na karibu kila mtu hupitia mlango huo.

Mwezi wa kumi na moja mlango huo ulimjia nyumbani. Katika kazi ya hospitali alikuwa na mwenzake, mama wa Kikongo kutoka Kivu ya Kusini, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani na watoto wake. Kiswahili chao kilikuwa kimoja na si kimoja. Mmoja alisema mahakama, mwengine akasema tribinali. Mmoja alisema wakili, mwengine akasema avoka. Gereza la Unguja kwa mama wa Kivu lilikuwa buloko. Walizoea kukutana katikati. Usiku ule mama wa Kivu alikuja na mwanawe wa miaka kumi na tisa, akasema akiwa bado mlangoni: "Mama, mutoto yangu wanamuita ku tribinali."

Kijana alikuwa ndani ya gari la rafiki lililosimamishwa na polisi. Ndani ya mfuko wa koti alilokuwa amevaa, koti la kuazimwa kwa maneno yake, vilikutwa vidonge vya dawa inayodhibitiwa na sheria, na cheti cha daktari hakikuwepo. Amepewa wakili wa bure, na wakili ameleta habari njema: asipopinga shtaka, atatozwa faini, atakuwa chini ya uangalizi kwa muda, na siku hiyo hiyo atarudi nyumbani. Mkalimani aliyasema hayo kwa simu. Mama na mwana walimshukuru Mungu.

"Ulipoulizwa kama umefahamu, mwanangu, ulijibu nini?"

"Nilisema ndiyo, mama."

"Na ulifahamu?"

Kijana alitazama mikono yake. "Alikuwa mtu mkubwa, ananiuliza kwa upole. Ningesema hapana?"

Mama yake akaongeza kwamba kutopinga ni jambo zuri. Wao si watu wa kupinga. Kambini, mwenye karatasi akikuuliza, husema ndiyo, kwani hapana hurudisha faili chini ya mafaili yote.

Mama wa Kiunguja alilifahamu jambo hilo kuliko alivyopenda. Kwao pia, nimekosa ni neno la adabu kabla ya kuwa neno la sheria. Mkubwa hulitamka barazani kwa kosa lisilo lake, ili ugomvi ufe na nyumba ilale. Anayelipokea hujibu kwamba yamekwisha, na kweli huwa yamekwisha. Lakini alikuwa amesoma kwamba mahakamani, kwa mgeni asiye raia, neno hilo haliishi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani husema kwamba mgeni aliyetiwa hatiani kwa kosa la dawa za kulevya aweza kuondoshwa nchini, isipokuwa kosa moja tu la kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Wala sheria hiyo haitofautishi baina ya aliyekiri na aliyesema hapingi. Alikuwa amesoma pia shauri la José Padilla, mzaliwa wa Honduras, aliyeishi Marekani kihalali zaidi ya miaka arubaini na kuipigania katika vita vya Vietnam. Wakili wake alimwambia asiwe na hofu juu ya uhamiaji, kwani amekaa muda mrefu. Akakiri, kisha akakabiliwa na kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari hiyo kabla hajafungua kinywa.

Alikuwa amesoma na jambo jengine. Asiye wakili haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria, na kufanya hivyo ni kosa. Yeye alikuwa akitafuta kazi katika mahakama zile zile. Neno moja la kumwambia kijana akubali au akatae lingeweza kumfungia mlango alioutumikia kwa miaka mitatu ya jioni. Na kama angekosea, ambaye angepandishwa ndege hangekuwa yeye.

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Hakumwuliza kijana kama vidonge vilikuwa vyake. Aliuona wasiwasi ukimpandia, akaona kwamba ukipata kipandio cha kwanza utataka cha pili. Kisha akachana ukurasa kutoka katika daftari, akaandika swali moja kwa lugha mbili: nisipolipinga shtaka hili la dawa, uhamiaji watanifanya nini?

"Mpe avoka wako," akasema. "Mbele ya mkalimani. Akikujibu na hukufahamu, sema sikufahamu. Hiyo si utovu wa adabu, mwanangu. Hapo ndipo adabu ya mahali pale ilipo."

Katika Ohio hakimu naye hutakiwa na sheria kumtahadharisha mgeni kabla ya kulipokea jibu lake. Lakini tahadhari isomwayo haraka, kwa mtu aliyekwisha kuamua kusema ndiyo, ni maji juu ya jani la myugwa.

Siku ya shauri yeye alikuwa kazini. Habari alizipata jioni kwa vipande. Wakili aliisoma karatasi, akaisoma tena, akaomba shauri liahirishwe. Baada ya miezi miwili shtaka lilibadilishwa likawa jengine, dogo, lisilotaja dawa. Kijana akalipa faini, akarudi kwenye kazi yake ya bohari. Hakuna gazeti lililoandika. Katika hesabu za mwaka, naye ni mmoja wa wale 94 waliopitia mlango wa nyuma. Tofauti ni kwamba alijua anapita wapi. Na mama yake, ambaye angelila janga lile pamoja naye, hakuulizwa chochote na yeyote.

Ukarani hakuupata, kwani alipomaliza masomo hakuuomba. Aliomba kitabu cha kujiandalia mtihani wa ukalimani wa mahakama, na hadi leo usiku hukaa nacho mezani, akitafuta namna ya kusema kutopinga kwa Kiswahili ambacho mtu wa Unguja na mtu wa Kivu watakifahamu sawasawa, wala hawatakidhania kuwa upole.

Kijana alikuja siku moja kurudisha ukurasa ule, umekunjwa mara nne. Upande mmoja palikuwa na swali. Upande wa pili, ambao mama huyu hakuukumbuka alipokuwa akichana, palikuwa na ubeti wa ndani ya basi.

"Mama, hii ni wimbo?"

"Ni somo," akajibu, akaupokea ukurasa, akamwambia akae ale.